Kumbukumbu za Afya za Mwanafunzi: Nani Azione na Nani Asizione

Kila mwaka masomo yanapoanza, mwanafunzi mpya wa chuo kikuu hapa Unguja huleta fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari wa hospitali. Humo mna uzito wake, presha yake, hali ya macho yake, maradhi aliyowahi kuugua, na wakati mwengine majibu ya mkojo na damu. Fomu hiyo hupokewa pamoja na vyeti vya skuli, hutiwa navyo katika bahasha moja, na mara nyingi huishia katika faili la usajili, ambako karani anayetafuta cheti cha kidato cha sita atakutana kwanza na habari ya kifafa cha mtu. Ninafanya kazi ya kutunza kumbukumbu katika kliniki ya chuo, na jambo ninalotaka kulieleza leo linaanzia kwenye bahasha hiyo: kumbukumbu za afya za wanafunzi wetu zinafunguka kwa watu wasiostahili kuziona, na zinafungika kwa mtu anayestahili kuliko wote, naye ni mwanafunzi mwenyewe.

Niseme kwanza ninavyoyaelewa mambo haya. Karatasi, faili na kompyuta ni mali ya kliniki, na kliniki ndiyo inayobeba dhamana ya kuvihifadhi. Habari zilizomo ni za mwanafunzi. Kwa hiyo hawezi kulichukua faili akaondoka nalo, kwa sababu faili hilo pia ni ushahidi wa kazi ya tabibu na muuguzi waliomhudumia. Lakini anastahili kuliona, kuelezwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa, kupata nakala au muhtasari wake, na kutaka lililoandikwa kimakosa lisahihishwe. Wapo wenzangu katika kazi hii wanaoona kuwa kumpa mgonjwa nakala ni kumfungulia mlango wa malalamiko. Mimi naona kwamba mgonjwa aliyesoma faili lake ndiye mkaguzi bora tunayeweza kumpata, maana hakuna ajuaye kuliko yeye kwamba aleji iliyoandikwa si yake, au kwamba chanjo ya pili iliyotiwa alama hakuchomwa.

Kwetu sisi umuhimu wa jambo hili unazidishwa na bahari. Wanafunzi wengi wa vyuo vya Unguja kwao ni Pemba, na likizo inapofika hupanda boti bandari ya Malindi hapa Unguja wakashuka Mkoani, Pemba, faili zao zikabaki vyuoni Tunguu, Mbweni au Chukwani. Chukua mwanafunzi mwenye selimundu ambaye kwao ni Micheweni. Usiku mmoja wa likizo anashikwa na maumivu makali ya viungo, anapelekwa hospitali, na kiwango cha damu yake (himoglobini) kinapopimwa kinakutwa ni gramu 7 au 8 kwa desilita. Daktari asiyemjua ataona upungufu mkubwa wa damu, ilhali kwa wagonjwa wengi wa selimundu kiwango hicho ndicho cha siku zote, wakiwa wazima na wanahudhuria darasani. Kuongezewa damu pasipo haja kuna madhara yake: mwili unaweza kujenga kinga dhidi ya damu za watu wengine, hata siku inapohitajika kwa dharura ikawa shida kupata inayokubali, na madini ya chuma nayo hujilimbikiza mwilini. Jibu la swali la daktari lipo, limeandikwa kwa wino katika faili la chuo, pamoja na tarehe ambazo damu yake ilipimwa akiwa hana maumivu. Lipo upande wa pili wa bahari, katika chumba kilichofungwa hadi chuo kifunguliwe.

Mfano mwengine ni wa aleji ya salfa, ambao naukuta mara nyingi zaidi. Dawa za jamii hiyo zimo katika kotrimoksazoli, inayotumika kwa maradhi mengi ya kawaida, na zimo pia katika vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, ambavyo huko Bara wanapewa wajawazito kuwakinga na malaria. Mwenye aleji hiyo anaweza kutokwa na vipele na kuvimba, na mara chache, lakini kwa hatari kubwa, ngozi ikababuka na macho na kinywa vikadhurika. Mwanafunzi ukimuuliza atakwambia kuwa aliwahi kupewa vidonge vyeupe akavimba uso. Jina la vidonge hivyo halijui. Tabibu aliyempokea siku ile alilijua na aliliandika, na lau mwanafunzi angepewa kikaratasi kidogo chenye jina hilo akakitia katika pochi pamoja na kitambulisho chake, asingehitaji kukisia mbele ya dirisha la duka la dawa huko Wete au Chake Chake.

Chanjo nazo zina habari yake. Wanafunzi wa fani za afya wanaokwenda kujifunza kwa vitendo katika wodi za Mnazi Mmoja na hospitali nyengine wanapaswa kukingwa na homa ya ini aina ya B kabla hawajagusa sindano za wagonjwa. Kwa mtu mzima chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita tangu ile ya kwanza; kisha mwezi mmoja au miwili baadaye hupimwa kinga iliyojengeka, na kiwango kinachotakiwa ni kuanzia mIU 10 kwa mililita, kwa kizio kinachotumiwa na maabara. Anayeanza mwezi wa Novemba dozi yake ya tatu itaangukia Mei, na Mei huenda yuko kwao, au yuko katika mafunzo ya vitendo wilaya nyengine, akachomwa huko na kadi ikabaki huko. Dozi zilizokatika njiani hazianzwi upya, huendelezwa pale zilipoishia, lakini bila ya kumbukumbu hakuna anayeweza kusema zimeishia wapi, na mwanafunzi hujikuta akichomwa tena kwa gharama zake au akizuiliwa kuingia wodini. Kadi ya manjano ya homa ya manjano ni nyepesi zaidi katika hili, kwa kuwa tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya kanuni za afya za kimataifa, cheti chake ni cha maisha yote. Hata hivyo nimewaona wanafunzi waliopata nafasi ya kusoma nje wakikimbilia kliniki wiki ya safari kuulizia kadi waliyoikabidhi walipoingia mwaka wa kwanza. Kadi hiyo haikupasa kukabidhiwa. Ilitosha kliniki kunakili tarehe na namba ya toleo la chanjo, na kadi ikarejeshwa mkononi mwa mwenyewe hapo hapo.

Anayetaka kumbukumbu zake afanyeje? Aende mapokezi na kitambulisho chake cha chuo, saa ambazo hakuna msongamano wa wagonjwa, na aandike barua fupi kwa mkuu wa kituo akieleza anataka nini na kwa ajili ya nini. Hilo la pili nalitaja kwa ajili ya kumsaidia yeye, kwa kuwa anayehitaji uthibitisho wa chanjo hana haja ya nakala ya faili zima, na nakala ya faili zima ikishatoka mkononi mwake huenda ikasomwa na watu wasiohusika. Katika hali nyingi muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili ndio unaofaa: maradhi ya kudumu, dawa anazotumia na dozi zake, aleji, chanjo na tarehe zake, upasuaji, na kundi la damu ikiwa limepimwa na maabara na si la kusikia nyumbani. Akipewa, ausome hapo hapo. Aangalie jina lake limeandikwa kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa au pasipoti, kwani ubalozi na vyuo vya nje hukataa karatasi kwa herufi moja. Akiona kosa, aombe lisahihishwe, na masahihisho ya haki hufanywa kwa kupiga mstari mmoja juu ya lililokosewa ili liendelee kusomeka, kisha la sawa likaandikwa pembeni kwa saini na tarehe. Atakayemwambia kuwa ukurasa utachanwa na kuandikwa mwengine anaharibu kumbukumbu, hata kama nia yake ni njema. Na akitaka habari zake zipelekwe kwa mtu mwengine, atie saini ruhusa inayomtaja mtu huyo kwa cheo au ofisi yake, habari zipi apewe, na hadi lini; ruhusa ya jumla isiyo na mwisho isikubaliwe, wala na mwanafunzi wala na kliniki.

Majina ni tatizo ambalo mtu wa nje hawezi kulikisia. Huku kwetu mtu hujulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na majina yenyewe ni yale yale: Ali, Juma, Makame, Haji, Khamis, Fatma, Asha, Mwanaisha. Khamis huandikwa Hamis, Fatma huandikwa Fatuma, na Mohamed ana namna zake kadhaa. Katika darasa moja kubwa unaweza kuwapata wawili wenye majina yote matatu sawa, na hapo ndipo majibu ya maabara ya huyu yanapoingia katika faili la yule. Watu huona namba ya usajili inalimaliza tatizo, lakini namba hiyo hubadilika mwanafunzi anapotoka stashahada akaingia shahada, na kwa hiyo mtu mmoja huwa na faili mbili zisizojuana, la mwanzo likiwa na aleji yake na la pili likiwa halina kitu. Napendekeza kliniki iwe na namba yake yenyewe isiyobadilika, na pembeni yake iandikwe namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, au ya NIDA kwa wanaotoka Bara, au ya pasipoti kwa wageni. Na hata hivyo, kabla ya kutoa jibu lolote, muhudumu aulize tarehe ya kuzaliwa. Ni swali la sekunde chache na sijaona mgonjwa aliyekasirishwa nalo.

Sasa niingie katika jambo ambalo ndilo zito kwangu, nalo ni siri. Kisiwa chetu ni kidogo na watu wake wanajuana. Karani wa mapokezi ni binamu wa mchumba, muuguzi anasali msikiti mmoja na baba wa mgonjwa, na mhadhiri ni jirani. Mwanafunzi anayefika kwa kipimo cha ujauzito, au cha virusi vya Ukimwi, au aliyekosa usingizi kwa wiki nyingi na anafikiri huenda akapewa rufaa ya Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, hujiuliza kwanza habari hizo zitafika wapi kabla hajajiuliza atatibiwa vipi. Akiona dirishani majina yanaitwa pamoja na kipimo alichofanyiwa mtu, haji tena. Ataenda kununua dawa za kuua vijidudu dukani bila ya kupimwa, au ataacha kabisa hadi hali iharibike. Kwa hiyo siri iliyotunzwa ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kiapo cha madaktari cha Geneva, kilichotungwa mwaka 1948 na kufanyiwa marekebisho ya karibuni mwaka 2017, kinamtaka daktari aheshimu siri alizokabidhiwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Mtunza kumbukumbu hajala kiapo hicho, lakini anasoma yote anayoyaandika daktari, na hakuna sababu ya dhamana yake kuwa ndogo zaidi.

Wazazi huniweka katika hali ngumu, na nasema hivi kwa heshima yao yote. Mama hupiga simu kutoka Pemba, amesikia mwanawe kaonekana kliniki, hana usingizi. "Mwanangu ana nini, niambie na mimi nijue." Humwamkia kwa adabu, nikamwambia, "Shikamoo mama. Habari za mwanafunzi yeyote sizitoi kwa simu, ila salamu zako nitazifikisha leo hii na yeye mwenyewe atakupigia." Simwambii kwamba mwanawe kafika kliniki wala kwamba hakufika, maana hilo tu linatosha kueleza mengi. Wapo wanaonikasirikia, wakisema wao ndio wanaolipa ada. Naielewa huruma yao na siidharau. Lakini mwanafunzi aliyetimiza miaka 18 ni mtu mzima, na mara nyingi nikimfikishia salamu hupiga simu mwenyewe na kuyaeleza yake kwa namna anayoitaka, jambo ambalo humtuliza mama kuliko jibu langu lolote. Akiwa hajitambui au maisha yake yamo hatarini, hukumu hubadilika, na daktari huzungumza na jamaa. Vivyo hivyo kipindupindu kinapozuka, kituo kina wajibu wa kutoa taarifa kwa wanaosimamia afya ya jamii, na amri ya mahakama nayo ina njia yake. Nje ya hayo mlango ufungwe.

Ndani ya chuo ndiko mlango unakovuja zaidi. Mwanafunzi aliyekosa mtihani anatakiwa alete cheti cha kupumzika, kile ambacho wengi wetu tunakiita ED, na nimeona vyeti vilivyoandikwa jina la ugonjwa kwa herufi kubwa vikipita kwa katibu muhtasi, kwa mkuu wa idara, kwa ofisi ya mitihani, hadi kubandikwa katika faili la matokeo. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayehitaji jina la ugonjwa ili atoe uamuzi wake. Inatosha cheti kiseme kwamba mwanafunzi alionekana na tabibu tarehe fulani na hakuwa katika hali ya kufanya mtihani kwa siku kadhaa, kikatiwa saini na muhuri. Anayeomba kuahirisha masomo kwa mwaka mzima ana haja ya maelezo zaidi, na hayo yapelekwe kwa barua ya siri kutoka kwa daktari hadi kwa mkuu wa kamati, yakieleza asichoweza kukifanya na kwa muda gani. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi inayogawa vyumba vya dakhalia inahitaji kujua kwamba huyu apewe chumba cha chini kisicho na vumbi. Kwamba ana pumu, ataisema mwenyewe akipenda.

Kompyuta zinasifiwa sana katika mijadala ya namna hii, nami nazitaka, maana karatasi zetu huliwa na mchwa na kupata ukungu wakati wa masika. Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi hufungua tovuti ya kliniki kwa nenosiri lake akaona chanjo zake na majibu ya vipimo vyake, na sioni kwa nini siku moja isiwe hivyo hapa. Programu huria za kutunza kumbukumbu za wagonjwa zipo, OpenMRS ikiwa mojawapo, iliyoanza mwaka 2004 na kukulia kwa sehemu kubwa katika kliniki za nchi za Afrika, Kenya ikiwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia. Ila kompyuta isiyowekewa mipaka huvujisha kwa dakika moja kilichochukua miaka kuvuja kwenye makabati. Mapokezi aone jina na miadi, maabara ione kipimo kilichoombwa, mfamasia aone dawa na aleji, na maelezo ya ushauri nasaha yakae peke yake. Kila mtu awe na nenosiri lake asilompa mwenziwe, na mashine iandike nani kafungua faili la nani na saa ngapi. Picha za majibu zinazotumwa kwa WhatsApp kutoka simu ya maabara hadi simu ya daktari zikomeshwe, kwa sababu simu hizo huchezewa na watoto nyumbani. Na ziwepo fomu za karatasi tayari kwa siku isiyo na umeme: Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani mwaka 2008, kisha ikakaa tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wagonjwa wakiendelea kuja kama kawaida.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti na imempa mtu haki ya kujua kinachohifadhiwa kumhusu na kutaka kisahihishwe. Kwa Zanzibar sheria hiyo inatumika isipokuwa katika mambo yasiyo ya Muungano, na hapo kliniki ya chuo inasimama mguu huku na mguu kule, kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano na afya si la Muungano. Wamarekani nao wana mpaka unaofanana na huo, kati ya sheria yao ya kumbukumbu za elimu ya mwaka 1974 na ile ya habari za afya ya mwaka 1996, na kliniki za vyuo kwa kawaida huangukia upande wa elimu. Kwa maoni yangu chuo hakina sababu ya kungoja mpaka huo uchorwe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na baraza la chuo lina uwezo wa kupitisha kanuni ya kurasa tatu inayosema nani anafungua faili, mwanafunzi anajibiwa ombi lake ndani ya siku ngapi, na anayetoa siri anachukuliwa hatua gani.

Katika kanuni hiyo ningeomba kiingizwe kifungu cha wanaohitimu. Fomu ya kuondokea chuoni huwa na nafasi ya saini ya maktaba, ya uhasibu na ya dakhalia, ambao wote wanadai. Kliniki iongezwe hapo kwa ajili ya kutoa: kila anayeondoka apewe muhtasari wake wa kurasa mbili uliopigwa muhuri, pamoja na orodha ya chanjo zake, bila ya malipo na bila ya kuulizwa anautakia nini. Faili lenyewe lihamishiwe ghala lililofungwa, liandikwe juu yake mwaka wa kuondoka mwanafunzi na mwaka ambao litateketezwa, na siku hiyo itakapofika lichomwe mbele ya maofisa wawili watakaotia saini kwamba limekwisha.